Sisi wa Moshi tunataka kwenda Kilwa, tumuulize nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, kibanda changu kipo nyuma ya soko la Mbuyuni, na gazeti lako nalijua mbele na nyuma. Asubuhi nalisoma, jioni nalikatia kola na mikono ya magauni kabla sijagusa kitambaa cha mteja. Kwa hiyo nikisema kwamba nimeona mlima, simba na hoteli kwenye kurasa zako za utalii, lakini sijaona mahali palipoelezwa jinsi mtu wa Moshi mwenye kipato changu anavyoweza kufika Kilwa Kisiwani, kile kisiwa chenye magofu ya mji wa kale pwani ya kusini, na kurudi, ujue nimelitafuta jambo hilo nikiwa na mkasi mkononi.

Tuna kikoba cha akina mama 14. Kila Desemba tukivunja, faida inaishia kwenye sufuria, mashuka na sare ya kitenge ambayo naishona mimi mwenyewe na kulipwa kwa ahadi. Mwaka jana mwenyekiti wetu akauliza: nani kati yetu amewahi kusafiri mbali bila kuitwa na msiba, harusi au mgonjwa? Tukatazamana. Mimi nina miaka 53. Dar nimekwenda hata hesabu sina. Tanga nilikwenda kwenye mazishi, tukaingia usiku na kosta ya kukodi, tukazika kesho yake mchana, tukageuza. Bahari ya Tanga niliisikia harufu tu, sikuiona.

Na sisi ni watu tunaoishi chini ya mlima. Tunawaona wageni wakishuka na mabegi yao, kila mmoja ameshajua atalala wapi siku ya nne na atakunywa maji lita ngapi. Vijana wetu wanawabebea mizigo. Kupanga safari tunakuona kila siku kwa macho, ila sisi wenyewe tunasafiri simu ikiita.

Basi tukakubaliana: faida ya mwaka huu haigawanywi, inatupeleka mahali. Wengi walitaka Zanzibar, na sina ubishi na Zanzibar. Mimi nikasema Kilwa. Nikaulizwa Kilwa kuna nini, nikawaambia kisa cha nguo.

Nilikisikia nikiwa shule ya msingi. Masimulizi ya Kilwa yanasema Ali bin al-Hasan, mtoto wa mfalme wa Shirazi kule Uajemi, alipofika na jahazi lake alikinunua kisiwa kutoka kwa mwenyeji wake kwa nguo, kiasi cha kutosha kukizungushia kisiwa chote. Wasomi wanabishana kama huyo Mshirazi alikuja kweli kwa namna hiyo. Mimi nilibishana na hesabu. Jora la kitambaa nalihesabu yadi 30, yaani mita 27 na kidogo. Tuseme mzunguko wa kisiwa ni kilomita 10 tu, ingawa ukikiona utajua unazidi. Hayo ni majora 365, jora moja kwa kila siku ya mwaka, na hapo hujapinda wala hujakata. Katibu wetu, anayeuza mitumba pale Memorial, akasema huyo aliyeuza kisiwa alikuwa mfanyabiashara kuliko aliyenunua. Kura zikapigwa: tisa Kilwa, tano Zanzibar. Mmoja wa wale watano bado ananinunia.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Nilikwenda kwenye ofisi moja ya kupeleka watalii hapa mjini. Sitaitaja, maana kijana alinipokea vizuri. Akauliza, "Mama, umetuletea wageni?" Nikamwambia wageni ndio sisi. Akanionesha karatasi ya bei, yote dola. Kilwa haikuwemo. Nilipoitaja akauliza kama nina maana ya Kilwa Road, ile barabara ya Dar. Mwisho akapiga simu mahali, akanipa bei ya mtu mmoja ambayo ingemaliza akiba ya mwanachama wetu ya mwaka mzima na kubaki anadaiwa. Nyumbani nikamwomba binti yangu atafute kwenye simu. Alipata mengi, karibu yote ya Kiingereza, ya kumweleza mtu anayetoka Ulaya achanje chanjo gani. Hakuna aliyeandika kwamba ukitoka Moshi na basi la alfajiri unafika Dar jioni, na kwamba usiku huo utalala Dar upende usipende.

Novemba nikaitwa Dar kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu. (Harusi tena.) Nikaongeza siku tatu zangu mwenyewe, nikaenda kupeleleza. Nieleze njia, labda itamsaidia mwingine.

Sisi wa kaskazini tunashukia Mbezi, kituo cha Magufuli. Mimi magari ya Kilwa nilielekezwa Mbagala Rangi Tatu, upande mwingine kabisa wa jiji, kwa hiyo usidhani utashuka basi hili na kurukia lile. Kutoka hapo ni karibu kilomita 300: Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa juu ya Rufiji. Mzee niliyekaa naye alinisimulia walivyokuwa wakisubiri kivuko pale kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003, watu wakipika uji kando ya foleni. Alinionya pia kuhusu masika. Mei 2024, kilipopita kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Kwa hiyo Machi hadi Mei tumezifuta. Ramadhani nayo tumeiacha, si vizuri wanawake 14 kutembea na njaa, wala kutafuna mbele ya waliofunga. Desemba hakuna Mchaga atakayekuelewa ukimwambia unashuka wakati wote wanapanda kwenda nyumbani. Ikabaki Juni.

Nangurukuru gari linaacha barabara ya Lindi na kukata kushoto kwenda Kilwa Masoko. Masoko ndio mji wa kulala. Nyumba za wageni zipo za kila mfuko, na ufuko wa Jimbiza uko pale pale, unautembelea na kandambili. Nilifika jua linazama. Watoto walikuwa wanacheza mpira kwenye mchanga, mashua mbili zimelala ubavu, na ukiacha adhana na bodaboda mojamoja, hapakuwa na kelele. Mimi nimezoea pale mitumba inapouzwa kwa spika kuanzia saa moja asubuhi. Usiku ule masikio yangu yalikuwa kama yanasubiri kitu.

Asubuhi nikakata kibali. Hilo mtu alijue mapema: kibali cha kuingia kwenye magofu kinakatwa Masoko, kabla hujapanda boti. Nikapata na kiongozi, kijana mzaliwa wa kisiwani. Saa nne tukavuka. Ni mwendo mfupi, ng'ambo unaiona.

Halafu boti likasimama, na nchi kavu bado iko kule. Nikamtazama nahodha, naye akanitazama mimi. Maji yalikuwa yametoka. Kati yetu na ufuko palikuwa na tope, mawe, nyasi za bahari na maji ya kufika magotini. Nikavua viatu, nikakunja sketi nikaichomeka kiunoni, mkoba kichwani, nikashuka. Hatua ya tatu mguu ukazama, nikaketi baharini na sketi yangu ya harusini. Nahodha alikuwa na adabu, alicheka akiwa amegeuka. Kisha akasema, "Mama, juzi ulikuwa mwezi mpevu. Hili ni bamvua. Hukuangalia mwezi?"

Nikamwambia kwetu mwezi tunauangalia kujua kama mtu atafika nyumbani bila tochi.

Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanajaa sana na kutoka sana, na siku hizo saa nne au tano asubuhi ndio yanakuwa mbali kabisa. Ukija wakati wa nusu mwezi, maji mafu, saa kama hiyo yamejaa na boti linakufikisha karibu. Mhariri, hakuna kitabu cha wageni nilichosomewa na binti yangu kilichonipa neno la maana kama hilo. Nimelibandika kwenye ukuta wa kibanda: nusu mwezi.

Kitu cha kwanza kinachokupokea ni Gereza, ngome iliyosimama karibu na maji. Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505 walipouteka mji, baadaye ikajengwa upya wakati wa Waomani. Miaka mitatu kabla ya kuuteka, Vasco da Gama alikuwa ameshapita na kumlazimisha sultani alipe dhahabu. Dhahabu hiyo ilipelekwa Lisbon, na mwaka 1506 ikafuliwa chombo cha kuwekea sakramenti, ambacho hadi leo kiko kwenye makumbusho yao. Mimi ni Mlutheri. Nilisimama pale na sketi inachuruzika maji, nikatamani kujua kama kuna siku watu wa Kilwa walitajwa kwenye ibada ile, japo kwa asante.

Msikiti Mkuu sitauelezea wote. Sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11 au 12, na ile yenye kuba iliongezwa karne ya 14. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kilichonishika ni ubaridi. Nje jua linachoma, ndani, chini ya kuba, unapata baridi kama umeingia kwenye mgomba asubuhi. Nilikaa nikaanza kutazama namna matao yanavyopokezana, na kazi yangu ikanirudia. Anayeshona bega anajua ugumu wa kuunganisha kipande cha duara na kipande kilichonyooka bila kukunja. Hawa walifanya hivyo kwa jiwe.

Kutoka hapo tulitembea hadi Husuni Kubwa, jumba la sultani juu ya jabali linalotazama bahari. Ni mwendo wa kutosha, kwa hiyo chukua maji na kofia. Kuna birika la kuogelea la pembe nane, la karne ya 14. Nikatoa futi yangu ya kupimia, ambayo hainitoki mfukoni, nione kama pande zinalingana. Kiongozi akaniangalia. Nikairudisha.

Ila aliniambia kisa ambacho nimekileta Moshi kama zawadi. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Sultani alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib, baba wa zawadi. Fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha baada ya sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Si pesa, nguo zile zile za mwilini. Sultani akarudi ndani, akabadilisha, akampa. Kilwa yote naona ni ya nguo. Hata wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vigae vilivyotobolewa katikati, vilivyokuwa vya kusokotea uzi wa pamba. Historia niliyofundishwa ilikuwa ya dhahabu na pembe za ndovu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba pale kuna watu walikaa wakasokota uzi. Ningesoma kwa bidii zaidi.

Kisiwa kina wenyewe, si magofu matupu. Kuna kijiji, kuna watoto wa shule, mbuzi wanalala kwenye kivuli cha ukuta wa sultani. Chini ya mbuyu nilimkuta bibi mmoja anasuka ukili. Nikamsalimia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Umetoka wapi?" Nikasema Moshi. Akaacha kusuka. "Moshi! Kuna msiba?" Nikamwambia hapana bibi, nimekuja kutembea tu. Alicheka mpaka ukili ukamponyoka. "Kutembea tu! Na sketi imelowa!" Kisha akanipisha mkekani.

Tulizungumza muda mrefu kuliko nilivyokaa msikitini. Aliponisikia ni fundi akaniambia madera anayonunua Masoko hayana mifuko, simu anaifunga kwenye pindo la kanga. Basi futi ile niliyokatazwa birikani ikapata kazi. Nikampima pale pale, kifua, mkono, urefu, nikaandika nyuma ya risiti. Aliniambia anataka rangi ya bahari, lakini si ya bamvua.

Songo Mnara sikufika. Huko ni kisiwa kingine chenye magofu yake, kinahitaji siku nzima na maji ya kukufikisha. Kivinje pia nilipita kwa haraka, mji wa zamani kaskazini ya Masoko ambako misafara ya watumwa kutoka bara iliishia pwani karne ya 19, kisha Wajerumani wakaweka ofisi zao. Nyumba nyingi zimebaki kuta, miti imeota ndani. Pale sikutaka kupiga picha.

Nimerudi na kutoa taarifa kikobani. Maswali niliyopata si ya karne ya 14. Kuna ndizi? Zipo, ila si za machalari, utakula wali na pweza wa nazi na utashukuru. Tutavaa nini? Vaeni kanga, ile ni sehemu ya watu wenye heshima zao. Mmoja akasema mumewe hatamwelewa, atauliza nani amefariki. Mwingine akapendekeza tukodi spika kubwa ya kuchezea muziki ufukweni, na hapo nikakataa kwa sauti ambayo haikunipendeza hata mimi. Sijavuka nchi nzima na sketi ya harusini ili nisikie Kilwa kile ninachokisikia Mbuyuni.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi Kilwa ibaki tupu ili mimi nipate utulivu. Nahodha aliniambia boti lake hukaa siku nyingi bila mtu, na meli kubwa za watalii zikija zinashusha watu saa chache, wanapiga picha, wanapanda tena, chakula wanakula melini. Magofu haya pamoja na ya Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini kwa jinsi yalivyokuwa yakibomoka, na baada ya matengenezo yakatolewa humo mwaka 2014. Kazi ile imefanyika. Sasa akina mama 14 wanaolala siku tatu, wanaokula kwa mama ntilie na kununua mikeka, naamini wana faida kwa kisiwa kuliko watu 300 wa saa mbili. Ila akina mama hao lazima wajue gharama kabla, maana pesa yao inatoka kwenye kitabu cha kikoba chenye saini, si kwenye kadi ya benki.

Ndiyo maana nakuandikia. Ninachoomba ni robo ya ukurasa, kwa Kiswahili, mara moja kwa mwaka Mei inapoisha: kiingilio cha Mtanzania ni shilingi ngapi na cha mwanafunzi ngapi, kibali kinakatwa siku gani na saa ngapi, malipo yanafanywaje, boti la kukodi ni bei gani kwa safari nzima na si kwa kichwa, na wiki za maji mafu za Juni na Julai. Wahusika wa utalii wakiona haya nao wabandike karatasi kama hiyo stendi ya Moshi na ya Arusha, ukutani, karibu na ratiba za mabasi. Wageni wa mlima wanaandaliwa vitabu. Sisi tutatosheka na karatasi.

Dera la bibi nimeshalimaliza. La bluu, mifuko miwili, mmoja wa simu na mwingine nimeamua mwenyewe. Linaning'inia kibandani, na wateja wakiuliza ni la nani nawaambia ni la Kilwa, haliuzwi.

Tunaondoka Juni, wiki ya nusu mwezi. Kama kuna nahodha wa Masoko anayesoma gazeti hili, naomba aniambie kupitia kwako: watu 14, mmoja ana kilo zaidi ya 100 na anaogopa maji, tuchukue boti moja au mawili?

Fundi cherehani,
Mbuyuni, Moshi
(Jina na anwani anavyo mhariri)